Kirgizia au Tajikistan? Nchi mbili za milima, likizo moja

Ujumbe huja karibu kwa maneno yale yale: "Dada, nina wiki mbili na nauli ya safari moja. Niende Kirgizia au Tajikistan?" Wengi wanaouliza wameshafika Istanbul na Dubai, wamepiga picha, wamerudi na masanduku ya nguo. Sasa wanataka nchi ya Waislamu yenye baridi na milima, ambako mtu bado anakaa chini na mgeni na kumuuliza mama yake hajambo.

Mwenye haraka achukue jibu lake mapema. Kama hujawahi kukanyaga Asia ya Kati, au unasafiri na watoto, au unapenda kulala nje na kupanda farasi, nenda Kirgizia. Kama unachotaka hasa ni watu, na mgongo wako unastahimili barabara mbovu, nenda Tajikistan, tena usiishie Dushanbe, mji mkuu, panda milima ya Pamir. Mimi nimekwenda kote kuwili, na moyo wangu uko Tajikistan. Lakini katika kila watu kumi wanaoniuliza, saba nawapeleka Kirgizia, na nitaeleza kwa nini.

Ukizitazama kwa mbali ni ndugu mapacha. Zote mbili zilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovyeti hadi 1991, zote zinaandika kwa herufi za Kisirili, na katika zote zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni milima. Wengi wa watu wake ni Waislamu wa Sunni wa madhehebu ya Hanafi. Ni nchi ndogo kwa mizani yetu: Kirgizia ina kilomita za mraba 200,000 hivi na Tajikistan 143,000, kwa hiyo ukizijumlisha bado Tanzania inazimeza zote na kubakiwa na nafasi. Ukisogea karibu ndipo upacha unapokwisha. Mkirgizi ni mtu wa farasi na kondoo, jadi yake ni kuhama na malisho, na lugha yake ni ya ukoo wa Kituruki. Mtajiki ni mtu wa shamba, mfereji na mti wa aprikoti, tunda la njano wanaloliita zardolu, na lugha yake ni Kiajemi. Yule wa kwanza utamkuta nje, huyu wa pili utamkuta ndani. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatoka kwenye tofauti hiyo moja.

Lugha

Mswahili anaingia nchi hizi akiwa na akiba mfukoni asiyoijua. Daftari kwa Mtajiki ni daftar, kwa Mkirgizi ni depter. Kitabu ni kitob huku, kitep kule. Habari ni khabar na kabar. Wakati ni vaqt na ubakyt. Shule ni maktab na mektep, yaani maktaba yetu iliyohamia jengo la jirani. Asante kote ni rahmat, na ukiisema huku umeweka mkono wa kulia kifuani umeshavuka nusu ya mlima.

Kwa Kiajemi cha Watajiki akiba inaongezeka, kwa sababu Waajemi na pwani yetu walifahamiana zamani. Rangi ni rang. Sambusa ni sambusa, hata herufi hazibadiliki. Bibi ni bibi, na babu ni bobo. Mara ya kwanza nilipomsikia mtoto akiita "Bibi! Bibi!" uani kwenye kijiji cha bonde la Wakhan, kule Pamir, niligeuka mwenyewe, nikidhani nimekutana na mtu wa Tanga.

Na jina la mji mkuu wao. Dushanbe maana yake ni Jumatatu. Pale palikuwa na kijiji chenye gulio kila Jumatatu, kama magulio ya Usambara yanavyojulikana kwa siku zake, na jina likaganda. Wao wanahesabu siku kuanzia Jumamosi, shanbe: yakshanbe ni ya kwanza, ndiyo Jumapili, na dushanbe ya pili. Sisi tunahesabu kutoka Ijumaa, ndiyo maana Jumatatu ikawa ya tatu. Nilipomweleza muuza duka mmoja hesabu yetu alichukua kalamu akaziandika zote mbili kwenye karatasi ya kufungia chai, akaibandika juu ya mizani.

Kikirgizi ni kigumu zaidi sikioni, ingawa kina jambo moja la kumfariji mtu wetu: kinabandika viambishi nyuma ya neno kama sisi tunavyobandika mbele, na neno moja linaweza kubeba sentensi nzima. Lakini Kirgizia ina nafuu nyingine. Kirusi ni lugha rasmi pamoja na Kikirgizi, na Bishkek, mji mkuu, utapata vijana wengi wanaojua Kiingereza. Tajikistan, nje ya Dushanbe na Khorog, mji mkubwa wa Pamir, utategemea ishara, tabasamu na yale maneno yako kumi. Kama wewe ni mtu wa kukereka usipoeleweka, hii peke yake inatosha kukuamulia.

Hemani

Kuwajua Wakirgizi ni kwenda jailoo, malisho ya kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba familia hupanda na mifugo na kusimika boz üy, hema la duara lenye mbao nyembamba ndani na sufu iliyoshindiliwa nje. Juu kabisa kuna pete ya mbao ya kutolea moshi na kuingizia mwanga, tunduk, na pete hiyo ndiyo ile iliyo katikati ya jua kwenye bendera yao nyekundu. Jua lenyewe lina miale 40, moja kwa kila kabila la hadithi ya asili yao. Ukiingia utaonyeshwa mahali pa kukaa, mkabala na mlango, ambapo ndipo pa heshima. Usijifanye mnyenyekevu ukakaa mlangoni. Kwao ni kumsumbua mwenyeji, atakuinua tu.

Wengi huenda ziwa Song-Kul, mita 3,016 juu ya usawa wa bahari, na sina ubaya nalo: asubuhi farasi mia wanashuka kunywa maji na huwezi kuona mti hata mmoja. Ila Song-Kul siku hizi ina safu za mahema yaliyowekwa kwa ajili ya wageni, na ukilala kwenye hayo utafahamiana zaidi na Wajerumani kuliko Wakirgizi. Mimi nasema ukipata, nenda bonde la Suusamyr, au ingia ofisi ya utalii wa vijiji pale Kochkor uombe familia yenye mifugo yake. Mtandao huo ulianza mnamo 2000 kwa msaada wa Waswisi, na unafanya kazi vizuri: bei inajulikana, familia inajulikana, hakuna kubembelezana.

Eje tuliyekaa kwake, ndivyo dada mkubwa anavyoitwa, alikuwa akikamua majike ya farasi kila baada ya saa mbili hivi, tangu alfajiri mpaka jioni. Mumewe alimleta mtoto wa farasi anyonye kidogo, kisha akamshikilia ubavuni mwa mama yake ili maziwa yasikatike. Eje akapiga goti moja, ndoo juu ya paja, mkono mmoja ukizunguka nyuma ya mguu wa farasi kana kwamba anamkumbatia. Dakika mbili tatu, kwisha, anayefuata. Maziwa yanakwenda kwenye mfuko mkubwa wa ngozi uliofukizwa moshi, humo yanapigwa na mchi wa mbao mamia ya mara. Mchi huo huitwa pishpek au bishkek, na husemwa kwamba mji mkuu wao umepata jina hapo. Kinachotoka ni kumys. Mtu wa Eldoret aliyekulia kwenye mursik ataielewa mara moja: ule ule moshi, ule ule uchachu, halafu povu linalouma ulimi. Mtu wa pwani atakunja uso, atasema alhamdulillah, na atatafuta pa kuweka bakuli. Usiliweke tupu, litajazwa.

Nilipewa mchi nikapiga. Eje alihesabu kwa sauti hadi arobaini, akacheka, akanipokonya.

Sasa kasoro yake. Jailoo ni mahali pa kazi. Mazungumzo ni ya vipande vipande, katikati ya kukamua, kufuata kondoo na kupika. Watu ni wakarimu sana lakini hawana muda wa kukaa nawe, na baada ya siku tatu utawajua kwa mikono yao zaidi ya kwa habari zao. Wanaotaka habari waende wakati wa vuli Arslanbob, kusini, kwenye msitu mkubwa wa miti ya jozi. Familia nzima huhamia msituni kuokota jozi, na jioni ni hadithi tu, kama kambi za karafuu Pemba. Wenyeji wa pale wengi ni Wauzbeki, washika dini, na mgeni Mwislamu hupokewa kwa namna ya pekee.

Ukibahatika kumsikia manaschi, usiondoke hata kama huelewi neno. Huyo ni msimulizi wa Manas, utenzi wa shujaa wao, anayeughani bila ala yoyote, kwa sauti na mikono peke yake. Masimulizi ya Sayakbay Karalaev yanapita mistari 500,000. Sisi wa tenzi tuna masikio ya jambo hili. Wageni wengine niliowaona walikuwa wakitazama saa.

Nyumbani

Tajikistan, na hasa Badakhshan iliyo Pamir, mlango ni nyumba. Nyumba ya Kipamiri kwa nje ni boksi la mawe na udongo, hutaitazama mara mbili. Ndani ni chumba kimoja kikubwa chenye majukwaa ya kukalia pande zote, na nguzo tano za mbao zinazobeba paa. Kila nguzo ina jina: Muhammad, Ali, Fatima, Hassan na Hussein. Za Hassan na Hussein zimeunganishwa kwa juu, kwa sababu ni ndugu. Katikati ya dari kuna dirisha la anga, miraba minne iliyopandana, kila mmoja ukigeuzwa pembe juu ya mwenziwe, na huelezwa kuwa ni ardhi, maji, hewa na moto. Jua likizunguka, kipande cha mwanga kinatembea sakafuni na juu ya magodoro siku nzima, nao wanakijua kama sisi tunavyojua maji kupwa na kujaa.

Wapamiri wengi ni Waismailia, Washia wanaomfuata Aga Khan. Hapo ndipo mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Kisumu anapopata kiungo asichokitarajia. Kwenye kijiji kimoja cha Wakhan, ambako ng'ambo ya mto Panj unaona watu wa Afghanistan wakivuna ngano yao, bibi mwenye nyumba alinishika mkono akaubusu, nami nikaubusu wake. Ndiyo salamu yao. Akauliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Hakuijua. Mjukuu wake akamwambia jambo, akanyoosha kidole kwenye picha ya Aga Khan ukutani. Bibi akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu:

"Dar-es-Salom?"

Alijua kuna hospitali ya Imamu wake huko. Nikamsimulia, kwa mjukuu kama mkalimani, kwamba mwaka 1946 babu wa huyo wa pichani alipimwa uzito kwa almasi pale pale Dar es Salaam, na ukumbi wa Diamond Jubilee hadi leo tunafanyia harusi. Ilibidi nirudie mara mbili. Kisha akawaita majirani nikarudia mara ya tatu.

Naye akanipa yake. Baada ya uhuru nchi iliingia vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1992 hadi 1997, na Badakhshan ikakatika na dunia. Chakula kilichowafikia kilitoka kwa taasisi za Aga Khan. Mei 1995 alikuja mwenyewe, na watu wa mabonde yale walimwona kwa macho yao kwa mara ya kwanza katika historia yao. Bibi alikuwepo. Aga Khan alipofariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025 na mwanawe Rahim kushika nafasi yake, picha ya zamani haikushushwa. Mpya imewekwa pembeni. Mimi ni Sunni wa Kishafii na sikwenda kule kubadilisha mtu wala kubadilishwa. Lakini usiku ule nililala chini ya nguzo ya Fatima nikiwa na mablanketi manne, na sijawahi kuona ugeni wangu ukiisha haraka namna ile.

Utaona pia kisichokuwepo. Wanaume wa makamo ni wachache, wako Urusi wakifanya kazi za ujenzi na masoko, na Tajikistan ni miongoni mwa nchi zinazotegemea mno fedha za kutumiwa kutoka nje. Nyumba inaendeshwa na bibi, mkwe na watoto. Simu ikilia wote wanaizunguka. Kwa mgeni wa kike ni rahisi, utaingizwa jikoni siku ya kwanza. Mwanamume anayesafiri peke yake atapokewa kwa heshima ila atakaa zaidi na wazee.

Na usidhani Mpamiri ni Mtajiki tu wa milimani. Nyumbani anazungumza Kishughni, Kiwakhi au lugha nyingine ya bonde lake, shuleni Kitajiki, na kwa mgeni Kirusi. Mchagga au Mpare hahitaji kuelezwa hilo.

Chakula, kwa haraka

Kirgizia ni nyama. Beshbarmak, nyama iliyochemshwa juu ya tambi, huliwa kwa mkono, na vipande hugawanywa kwa umri na heshima, kwa hiyo usijichukulie. Mara nyingi ni kondoo, siku kubwa ni farasi. Hapa kuna kichekesho cha fiqhi: Imamu Abu Hanifa aliichukia nyama ya farasi, Imamu Shafii akairuhusu. Yaani Wahanafi wa Kirgizia wanakula asichokipenda imamu wao, na sisi Washafii wa pwani tuna ruhusa ambayo hatujawahi kuitumia. Nilionja. Ni tamu, ina mafuta mengi. Bishkek wakati wa joto kuna maksym inauzwa mitaani kwenye mapipa. Ni kinywaji cha nafaka kilichochachushwa, ukifumba macho unasema togwa.

Tajikistan ni mkate, mtindi na matunda. Qurutob ni mkate wa tabaka uliovunjwavunjwa kwenye sinia la mbao, ukamwagiwa mtindi mkavu uliolainishwa, vitunguu na mafuta, wote mnakula sinia moja. Pilau yao, osh, imejaa karoti na bizari nyembamba. Karafuu na iliki usizitafute. Pamir kuna shirchoy, chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, ndani yake mkate. Aliyezoea chai ya tangawizi na sukari vijiko vitatu ajiandae kisaikolojia. Mkate, kote kuwili, usiuweke kifudifudi.

Asiyekula nyama aende Tajikistan, ingawa hata huko atachoka.

Swala na mtandio

Wasafiri wetu wengi hawaliulizi hili mpaka wafike. Katika swala utaona tofauti ndogo za Kihanafi: alfajiri hakuna kunuti, amina haisemwi kwa sauti. Hakuna atakayekusumbua ukiswali kwa namna yako. Wanawake wa nchi hizi hawana desturi ya kwenda msikitini, na Tajikistan mlango wa msikiti kwao umefungwa, kwa hiyo beba mswala wako. Vodka utaiona kwenye meza za Waislamu wa kote kuwili, urithi wa Kisovyeti. Ukiweka mkono kifuani na kusema hapana, yanaisha.

Serikali ndiyo jambo la kuangalia. Tajikistan inadhibiti dini kwa mkono mzito: tangu 2011 walio chini ya miaka 18 wanazuiwa kuswali misikitini, na Juni 2024 ilipitishwa sheria dhidi ya mavazi yanayoitwa mageni kwa utamaduni wa taifa, ambayo shabaha yake ni hijabu. Wanawake wa vijijini hufunika nywele kwa kitambaa kilichofungwa nyuma ya kisogo. Nami nilifunga hivyo nilipokuwa Dushanbe, nikaongeza shali shingoni, na hakuna aliyeniambia neno. Anayevaa niqabu asiende. Kirgizia ni huru zaidi, hijabu utaiona kila mahali, ila mapema 2025 nayo ilipiga marufuku niqabu hadharani.

Kwa msichana wa Kizanzibari anayesafiri na baibui lake na hataki kulibadilisha, nampeleka Kirgizia bila kufikiri mara mbili.

Njia na pumzi

Kirgizia ina matatu yake, marshrutka, na zinakwenda karibu kila mahali. Kutoka Bishkek hadi Karakol, kilomita 400 hivi kando ya ziwa Issyk-Kul, utafika siku hiyo hiyo umekaa kitini. Ukifika, uone msikiti wa Wadungani, Waislamu wa asili ya China. Umejengwa kwa mbao bila misumari, paa lake kama hekalu la Kichina, na ulikamilika 1910.

Dushanbe hadi Khorog ni gari la kuchangia, saa 14 ukibahatika, zaidi kama kuna maporomoko. Barabara inafuata Panj, ukuta wa mwamba upande mmoja na mto wa kahawia upande mwingine. Wakala mmoja aliniuzia "gari zima" kwa bei ya gari zima. Tulipoanza safari alikuwa ameshapakia abiria wanne wengine na mbuzi. Mbuzi alishuka njiani, wengine tulifika pamoja, na kwa kweli ndio walionialika kwao. Somo ni dogo: lipa nusu, nyingine ukishuka.

Urefu wa milima usiuchukulie mzaha. Njia ya Ak-Baital kwenye barabara ya Pamir iko mita 4,655, karibu sawa na Kibo Hut, kambi ya mwisho ya njia ya Marangu kabla ya kilele cha Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro unapanda pole pole kwa siku kadhaa, huku unapelekwa na gari. Ukitoka mji wa Osh upande wa Kirgizia kuingia Pamir, unaruka kutoka joto hadi zaidi ya mita 4,200 kwa siku moja, na kichwa kitakuambia. Lala njiani Sary-Tash. Aliyetokea Khorog anapanda taratibu zaidi, na mimi ndivyo ninavyoshauri. Msimu wa Pamir ni Julai hadi Septemba. Nje ya hapo ni kwa wazoefu.

Makaratasi

Nchi zote mbili zina viza za mtandaoni, lakini masharti hayafanani kwa pasi ya Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo angalia tovuti rasmi kabla ya kununua tiketi, siyo baada. Badakhshan inahitaji kibali cha ziada, kile kinachoitwa GBAO, kiombe pamoja na viza. Chapisha nakala kumi za pasi na kibali. Vituo vya ukaguzi ni vingi na kila kimoja kinataka yake. Dola zako ziwe mpya zisizo na alama.

Mpaka kati yao ulifungwa baada ya mapigano ya 2021, yakarudia 2022, hadi marais walipotia saini mkataba wa mpaka tarehe 13 Machi 2025 mjini Bishkek. Anayetaka kuunganisha nchi zote mbili kwa barabara sasa ana matumaini, ila aulize hali ya kituo cha mpakani cha Kyzyl-Art wiki ile ile anayosafiri. Khorog nako kulikuwa na umwagaji damu Mei 2022. Wenyeji hawaizungumzii kwa mgeni, nawe usiwachokonoe. Kirgizia watu wanasema siasa sokoni kwa sauti, wameshaangusha marais watatu tangu 2005.

Basi, wale saba kati ya kumi nawapeleka Kirgizia kwa sababu likizo yao ni siku 14 na mbili zimeshaliwa na ndege. Tajikistan, siku nne zitakwenda barabarani kabla hujamsalimia bibi wa mtu. Mwenye siku 20 na zaidi namwambia Pamir, asihangaike na kingine. Na mwenye watoto wadogo, hata kama ana mwezi mzima, Issyk-Kul: maji ya kuogelea, ziwa haligandi, hospitali si mbali.

Kuna wanaong'ang'ania kuonja zote mbili bila kuvuka mpaka. Hao nawaambia Murghab, mita 3,600 hivi, mji wa upepo ndani ya Tajikistan ambao wakazi wake wengi ni Wakirgizi. Kofia nyeupe za sufu, mahema ya boz üy pembeni ya mji, na mtindi wa yaki (ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu), kwa viza ya Kitajiki. Hata saa zao ni mbili. Ofisi zinafuata Dushanbe, wenyeji wengi wanafuata saa ya Bishkek, ambayo iko mbele kwa saa moja.

Jioni ya mwisho dereva alisema, "Kesho saa saba."

Nikamuuliza, "Ya Dushanbe au ya hapa?"

"Ya hapa."

Nikaangalia simu, ikawa saa sita. Nikajiandikia kwenye daftari kwa mkono wangu: saa kumi na mbili asubuhi. Mwenzangu wa Nairobi akasoma, akaniuliza sasa tunaondoka lini.